Mko kumi, mnakwenda Kitulo: mbebe jiko gani?

Wiki hii dada mmoja wa Makambako ameniandikia. Yeye na wenzake, jumla watu kumi, wanataka kutembea kwa miguu Kitulo, ule uwanda wa juu milimani kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba, mabegi mgongoni, kisha washuke mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa. Swali lake fupi: "Kaka, tubebe jiko gani?" Nimeshamjibu kwa simu, ila kiangazi kikianza ujumbe wa namna hii huwa mwingi, basi leo najibu mbele ya wote.

Dada yangu, kabla ya jiko niambie mtakula nini. Hapo ndipo safari za kundi zinapoharibikia. Niliwahi kufuatana na kundi ambalo kiongozi wake alibeba maharage makavu na mahindi ya makande. Nilimwambia mapema, tukiwa bado stendi Mbeya mizigo haijapakiwa, kwamba kule juu vitu hivyo haviivi. Akanijibu mbele ya watu kuwa moto ni moto, na mimi naleta maneno ya darasani. Jioni ile sufuria lilitokota mpaka mafuta ya taa yakakauka, na punje bado zilikuwa zinagonga meno. Tulilala na chai ya rangi. Mpaka leo nikikutana na yule bwana anasifia mandhari tu, la chakula haligusi. Sikupata hata "ulisema kweli", na sitaficha kwamba linaniuma.

Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa inakandamiza maji kidogo kuliko huku chini, kwa hiyo yanachemka yakifika nyuzi joto 91 hivi badala ya 100. Mapovu unayaona, mvuke unauona, lakini maharage yanahitaji saa nyingi mno. Ukiongeza moto, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka haraka tu na mafuta yako yanaondoka nayo. Ugali hausumbui, unga unaiva vizuri kwa joto hilo. Viazi mkinunua Matamba mkishapanda zile kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala, vikateni vipande vidogo. Maharage yachemsheni nyumbani mpaka yaive kabisa, muyaanike juani yakauke. Mkifika kambini yanataka maji ya moto tu na kitunguu. Hapo dagaa wakiongezeka mmemaliza.

Sasa jiko. Mkaa na kuni sahauni. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, si mahali pa kukata kuni, na mwezi wa saba nyasi zimekauka, cheche moja inatosha kuunguza kilima kizima. Tena nisisikie mtu ameingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili apate joto. Ule moshi usiouona wala kuunusa unaua watu wakiwa usingizini. Kwa hili simbembelezi mtu.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ni wa watu wenye gari. Chuma chake peke yake ni mzigo wa mtu. Vikopo vidogo vya gesi ni vyepesi na ni safi, lakini vingi vina gesi ya butane, ambayo ikikaribia nyuzi sifuri inakataa kutoka. Mwezi wa saba Kitulo kunapambazuka umande umeganda kwenye nyasi. Ukitaka chai ya alfajiri, lala na kikopo ndani ya blanketi. Na usikizungushie kikopo bati la kukinga upepo pande zote, kinapata joto na kinaweza kupasuka.

Kwa watu kumi mimi nasimama na jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu. Si la Mchina lile la tambi, upepo wa kule unalizima. La pampu linanguruma, lina nguvu, baridi hailitishi. Bebeni mawili, na sufuria mbili zenye mifuniko inayobana. Watano jiko hili, watano lile. Sufuria moja la watu kumi kwenye jiko dogo linaungua katikati na pembeni ni uji.

Wali wangu wa mlimani naupika hivi. Mchele wa Kyela nauloweka wakati tunasimamisha mahema. Maji yakichemka naumimina na chumvi na mafuta, nauacha utokote mpaka maji yaanze kuzama chini ya punje, nazima. Nafunika, nazungushia kanga mbili, naliingiza sufuria zima ndani ya mfuko wa kulalia, nalisahau kwa karibu saa moja. Ukifungua mvuke unakupiga usoni na kila punje imesimama. Jiko limeshachemsha chai muda mrefu. Kundi la mwisho nililolipikia walikwangua mpaka ukoko, na nilifurahi sana.

Lakini wali huo unahitaji watu wanaokubaliana. Msiruhusu kila mtu abebe biskuti zake na kikopo chake, akajifungie hemani. Mmetoka pamoja, kuleni pamoja. Mteueni mpishi mmoja, na akisema vitunguu vimenywe, anayesema amechoka amenye hivyo hivyo. Uchovu ni wa wote.

Dada, wiki moja kabla ya safari pikeni ugali wa watu kumi nje, penye upepo, kwa majiko hayo hayo, na mpime mafuta kabla na baada. Kwa Kitulo ongezeni nusu ya kiasi hicho. Kisha niandikie umepata ngapi, tupange nani abebe nini.