Mwanangu ameapa kwa jina la Zeus: je, nimzuie kusoma visa vya miungu ya kale?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh wangu. Nina kijana wa miaka 12. Shuleni wameanza kusoma visa vya miungu ya Wagiriki wa kale, na tangu hapo hashikiki. Zeus, Athena na Poseidon amewahifadhi kuliko Mitume. Juzi anagombana na mdogo wake, nikamsikia: "Naapa kwa Zeus sijauchukua mpira wako!" Moyo ulinipasuka. Je, amekufuru? Vitabu vile nivitupe? Na mtihani ukimuuliza mungu wa bahari ni nani, ajibu nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yangu, tulia kwanza. Hilo la kiapo lilishatokea mbele ya Mtume (s.a.w.), tena kwa watu wazima. Walikuwa wametoka kwenye ujahili juzijuzi, na ndimi zao zilizoea kuapa kwa masanamu. Mtume akawafundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba aliyeapa kwa Lata na Uzza aseme "Laa ilaaha illa Llah". Basi na kijana wako mwambie aitamke, na umweleze kwamba hatuapi ila kwa Mwenyezi Mungu. Hata kwa Kaaba hatuapi, wala kwa baba zetu. Kama hajabaleghe, kalamu haijaanza kumwandikia. Na hata angekuwa amebaleghe, neno lililomponyoka katika ugomvi wa mpira si itikadi ya moyoni. Umrekebishe, lakini usimpigie kelele za ukafiri, maana neno hilo ni zito na mtoto halisahau.

Ama vitabu, mimi sioni sababu ya kuvitupa. Qur'ani yenyewe imeyataja masanamu kwa majina. Lata, Uzza na Manata wamo katika Suratun Najm, Baali yumo katika As-Saffat, na katika Suratu Nuh aya ya 23 wametajwa watano: Wadda, Suwaa, Yaghutha, Yauqa na Nasra. Tunawasoma ndani ya Swala, na kuwataja kwetu si kuwaabudu.

Na hao watano wana kisa ambacho ningependa umsimulie kijana wako usiku mmoja kabla hajalala. Ibn Abbas (r.a.) amesema, na Bukhari ameipokea kauli yake, kwamba hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani akawashawishi jamaa zao wasimamishe sanamu pale walipokuwa wakikaa na waziite kwa majina yao. Hawakuziabudu. Zilikuwa ukumbusho tu. Kizazi kile kikapita, elimu ikasahaulika, ndipo waliokuja nyuma wakaanza kuzisujudia. Lata naye, kwa kauli ya Ibn Abbas huyohuyo, alikuwa mtu akiwakorogea mahujaji unga wa nafaka iliyokaangwa. Mkoroga unga akaishia kuwa mungu! Utaona kwamba mlango wa ushirikina hapo ulifunguliwa na kusahau asili ya mambo. Kwa hiyo mtoto anayejua sanamu ilikotoka simhofii sana, namhofia asiyejua. Hudhayfa (r.a.) alikuwa akisema kwamba watu humuuliza Mtume kuhusu kheri, naye humuuliza kuhusu shari kwa kuchelea isije ikamfika.

Kwa hiyo vitabu vile msome naye. Mwache akusimulie yeye, halafu muulize maswali. Atakwambia Kronos aliwameza watoto wake kwa kuogopa kupinduliwa, Zeus akafichwa, akakua, akampindua baba yake, kisha yeye na ndugu zake wakapiga kura ya kugawana ulimwengu: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Atakwambia pia kwamba katika vita vya Troya miungu iligawanyika makundi mawili, na Aphrodite akajeruhiwa mkononi na mwanadamu, Diomedes, akakimbilia kwa mama yake akilia. Hapo mfungulie Suratul Muuminun aya ya 91. Humo Mwenyezi Mungu anasema kwamba lau wangekuwapo miungu wengine pamoja naye, kila mmoja angekwenda zake na alivyoviumba, na wengine wangetaka kuwashinda wenzao. Mwulize: visa ulivyonisimulia vinasema nini? Usimjibie. Nabii Ibrahim (a.s.) naye hakuwapa watu wake hotuba ndefu. Aliyavunja masanamu, akaliacha kubwa lao, akawaambia wayaulize kama yanaweza kusema.

Lakini kuna jambo moja umuonye. Asije akachukua kejeli hii akamtolea mwenzake darasani ambaye kwao miungu fulani inaabudiwa hadi leo. Suratul An'aam aya ya 108 inatukataza kuwatukana wanaoombwa badala ya Allah, wasije wenyewe wakamtukana Allah kwa jeuri bila ya kujua. Na akitaka kuvaa mkufu wa jicho la Horus, mungu wa Misri ya kale, kwa kuamini linakinga, hapo mkatalie kabisa. Hiyo ni hirizi, na Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kutundika hirizi ameshirikisha.

Majina tu hayana neno. Januari imetokana na Janus na Machi na Mars, wote miungu ya Warumi, nasi tunaandika tarehe kila siku bila kumwabudu yeyote.

Kuhusu mtihani, aandike Poseidon na achukue alama zake. Anayeulizwa Wagiriki waliamini nini, akaeleza walichoamini, amenukuu tu. Kama nafsi yake haitulii, aanze jibu kwa "Wagiriki wa kale waliamini kwamba…", na mwalimu hatamkata alama kwa hilo.

Wallahu aalam.