Senta loki inagoma mlango mmoja: anzia kwenye bawaba

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST, naishi Uyole na nashuka Tukuyu mara kwa mara. Nikibonyeza rimoti milango mitatu inajifunga, wa dereva unagoma. Kuna siku unakubali. Kioo cha mlango huohuo nacho kinapanda kinapotaka. Nimeambiwa ninunue boksi la senta loki. Ninunue?

Jibu: Usinunue kwanza, ndugu yangu. Boksi, fyuzi au betri ya rimoti ikifa, kwa kawaida milango yote inagoma. Yako mitatu inatii. Halafu umetaja kioo, na hapo ndipo penye jibu. Loki na kioo vina mota tofauti, ila nyaya zake zinapita pamoja kwenye bomba la mpira kati ya mlango na bodi, upande wa bawaba. Mlango wa dereva unafunguliwa kuliko yote, kwa hiyo nyaya zinakunjwa palepale kila siku mpaka shaba inakatika ndani ya gamba. Kwa nje huoni kitu.

Fungua mlango, bonyeza swichi ya loki huku mwenzako akiuchezesha mpira ule. Loki ikishtuka, umepapata. Chomoa mpira, vuta waya mmoja mmoja taratibu: uliokatika gamba lake linarefuka.

Usiamini mita peke yake. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 bila shida, lakini hauwezi kuzungusha mota. Tumia balbu ya indiketa ya volti 12 kwenye nyaya mbili za mota. Inatakiwa imulike vizuri kwa muda mfupi ukifunga, na tena ukifungua.

Kabla ya kutengeneza toa hasi ya betri. Kusokota na kuzungushia selotepu hakudumu pale, naomba sana usikubali. Ongeza kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, unene uleule, chomelea kwa risasi, na viungo vikae mbali na mkunjo.

Na kwa mvua za Tukuyu, zibua matundu ya maji chini ya mlango. Tope likiziba, maji yanabaki ndani na kitasa kinashika kutu.

Balbu ikimulika vizuri pande zote mbili na loki bado imelala, mota ndiyo imekufa. Kwenye Toyota nyingi inakaa ndani ya kitasa, hivyo utabadilisha kitasa kizima.