Pikapu Mpya na Tela la Boti: Kilomita 800 Kwanza

Pikapu ikitoka yadi haijatembea, usiifungie tela la boti siku hiyo hiyo kuelekea Igombe, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Kitabu cha Toyota kinataka kilomita 800 kabla ya kuvuta, Ford wanataka 1,600; soma cha gari lako. Na wenye magari ya mtumba wasijione wamepona: ukifunga injini, giaboksi, difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) au hata beringi mpya za magurudumu, hesabu inaanza upya.

Watu huhofia injini, ila difu ndiyo huumia kimyakimya. Meno mapya ya krauni na pinioni, gia mbili kuu za ndani ya difu, bado hayajazoeana. Ukiyabebesha mzigo mapema yanachemka, gia oili inakuwa nyepesi kama maji, chuma kinagusa chuma. Baadaye gari likifika 70 utasikia mvumo, na huo haumalizwi kwa kubadili oili. Kwenye injini, ringi za pistoni zisipokaa sawasawa na silinda, utakuwa unaongeza oili kila mara.

Kilomita hizo zitembee kwa mwendo unaobadilika. Mwanza hadi Musoma kwenda na kurudi ni kama kilomita 440, lakini ukishikilia 80 njia nzima hujasaidia sana. Panda hadi 90, achia mafuta ishuke yenyewe hadi 50, panda tena. Usikanyage hadi mwisho, wala usiipandishe mlima kwa gia kubwa huku inatetemeka. Kuiacha inanguruma kwenye foleni ya Buhongwa hakuhesabiki. Kwa kilomita 300 za mwanzo, breki za ghafla ziwe za dharura tu.

Kilomita zikitimia, mwaga oili ya difu uweke mpya hata kama kitabu hakijadai. Angalia nati ya chini yenye sumaku: uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, lirudishe gari kwa aliyekuuzia kabla hujavuta chochote.

Mzigo wa kwanza uwe mwepesi, mwendo usizidi 80. Pale pa kufungia tela palaliwe na kama asilimia 10 ya uzito wake. Tela la kilo 1,200 pamoja na boti, kilo 120. Likiwa jepesi mbele litayumba mkia. Baada ya kilomita 80 kaza tena nati za magurudumu, za tela pia.

Ufukweni sasa, ambako wengi hukosea. Habu za tela (vitovu vya magurudumu vyenye beringi) zikiwa za moto ukazitumbukiza ziwani, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira unaozuia grisi isivuje. Grisi inageuka nyeupe kama maziwa, na beringi inakufa safari mbili tatu mbele. Ziguse kwa kiganja. Zikichoma, kanywe chai kwanza. Kama gari lina gia ya chini ya magurudumu manne, iweke kabla ya kukanyaga mchanga, tairi zikishaanza kujichimbia umechelewa. Klachi ikinuka, simama, omba vijana wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, wasukume.