Gavana ameshusha riba, mbona makato yangu ni yale yale?

Nauza mitumba soko la Kibuye. Nilikopa benki mwaka 2024. Kila baada ya miezi miwili nasikia Gavana wa Benki Kuu, Kamau Thugge, ameshusha riba, lakini mimi nalipa vilevile. Nani ananidanganya? – Mama mitumba, Kisumu

Mama, tangazo ni la kweli, ila riba inayotangazwa si ya mkopo wako. Ni Riba ya Benki Kuu, CBR, ambayo Kamati ya Sera ya Fedha, chini ya uenyekiti wa gavana, huitumia kuelekeza bei ya pesa ambazo mabenki hukopeshana kwa usiku mmoja. Ilikuwa asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kuteremka Agosti mwaka huo, na kufikia Desemba 2025 ilikuwa 9.

Benki yako ilikawia kwa sababu pesa iliyokukopesha ni amana za watu, nyingine zimefungiwa kwa riba ya juu hadi muda wake uishe. Isitoshe, serikali ilikuwa mshindani wako. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, yaani hati ambayo serikali hukopea pesa, ililipa asilimia 18.46. Benki inayopata faida hiyo bila wasiwasi haina haraka ya kumbembeleza mfanyabiashara wa Kibuye. Lakini sababu hizo zina mwisho, na riba ilipokuwa ikipanda mabenki hayakukawia hivyo. Ndiyo maana tunaona Benki Kuu ilifanya haki Februari 2025 ilipotangaza kuyakagua, huku ikipunguza akiba ambayo kila benki lazima iiweke Benki Kuu kutoka asilimia 4.25 ya amana hadi 3.25 ili yasiseme hayana pesa.

Sasa toa mkataba wako uusome. Ukikuta riba ni ya kudumu, mabadiliko ya CBR hayakugusi mpaka uombe mkopo upangwe upya. Ikiwa ni ya kubadilika, kuna utaratibu mpya: KESONIA, yaani wastani wa riba ya mabenki kukopeshana usiku mmoja, pamoja na nyongeza iitwayo K. Ulianza kwa mikopo mipya tarehe 1 Desemba 2025, na ya zamani ikapewa hadi 28 Februari 2026 kuhamishwa. Gavana husukuma KESONIA tu. K ni gharama za benki, faida ya wenye hisa na hatari ambayo benki inaiona kwako. Iandikie benki barua, uulize K yako ni asilimia ngapi na imefikiwaje. Hapo ndipo rekodi za mauzo na historia ya kulipa kwa wakati zinapokusaidia.

Omba pia ratiba mpya ya malipo. Mara nyingi riba hushuka lakini makato yakabaki palepale, muda ndio ukafupishwa, na mteja hajui. Kwa mfano, mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi 36, riba ikitozwa kwenye salio linalopungua: kwa asilimia 16 unalipa takriban 21,094 kwa mwezi, kwa 14, takriban 20,507. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 21,000 hadi mwisho wa mkopo.

Nasomea uchumi. Thugge alifikaje pale, na msimamo wake ni upi? – Mwanafunzi, Nakuru

Ana shahada ya uzamifu ya uchumi kutoka Johns Hopkins, Marekani. Alifanya kazi Shirika la Fedha Duniani, IMF, miaka mingi, akawa Katibu wa Wizara ya Fedha 2013 hadi 2019, kisha mshauri wa Rais Ruto. Alishika ugavana Juni 2023 baada ya Patrick Njoroge. Kipindi ni miaka minne, na huongezwa mara moja tu.

Msimamo wake utauona katika matendo. Wiki moja tu baada ya kuingia, CBR ilipanda kutoka 9.5 hadi 10.5, na Desemba 2023 ikaruka hadi 12.5. Aliwaeleza wabunge kwamba shilingi ilikuwa imeshikiliwa juu ya thamani yake halisi. Aliiacha ishuke hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Serikali ilipokopa upya na kununua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, shilingi ilirudi karibu 130. Kwake, sarafu na bei zikitulia ndipo riba hulegezwa. Lengo la mfumuko wa bei ni asilimia 5, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5.

Mbona sacco yetu ya walimu haijashusha riba? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, sacco haifungwi na CBR. Inakopesha akiba za wanachama, na riba hupangwa na ninyi wenyewe kupitia bodi na mkutano mkuu. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua ni 12 kwa mwaka. Ukiishusha, gawio na riba ya akiba zenu navyo vitapungua, kwa hiyo peleka hoja mkutanoni ukiwa na hesabu za pande zote mbili.