Unazungumzia Kimberley Ipi?

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniuliza kama ukoo wa Kimberley ndio uliomiliki almasi za Mwadui, na swali lake likatonesha kidonda nilichodhani kimepona. Niliwahi kuandika makala kuhusu mgodi huo wa Shinyanga, uliotokana na ugunduzi wa Dk. John Williamson mwaka 1940, nikaeleza kwamba almasi zake zimo katika mwamba wa kimbalaiti. Mhariri aliona neno hilo ni geni, akalifuta, akaandika kwamba almasi hizo zilitoka Kimberley, na makala ikachapishwa kwa jina langu. Hadi leo sijaombwa radhi.

Ndugu zangu mnaotaka kuandika habari za madini kwa umakini, fuateni jina tangu lilipoanzia. Kimberley ya awali ni kijiji cha Norfolk, Uingereza, ambako ukoo wa Wodehouse ulikuwa na makazi yake. Mwaka 1866 John Wodehouse akawa Lodi wa Kimberley. Kwa hiyo Kimberley kwao ni cheo, si ukoo. Alipokuwa Waziri wa Makoloni, mji wa wachimbaji ulioitwa New Rush, Afrika Kusini, ulipewa jina lake mwaka 1873. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mwanajiolojia Henry Carvill Lewis akauita mwamba wa huko kwa jina la mji, na ndiyo maana mwamba wa Mwadui unaitwa kimbalaiti ingawa haukuchimbwa huko.

Mtego mkubwa zaidi uko Australia. Eneo la Kimberley, ambalo nalo lina jina la lodi yuleyule, ndiko ulikokuwa mgodi wa Argyle, uliosifika kwa almasi za waridi hadi ulipofungwa mwaka 2020, lakini mwamba wake ni lamproaiti, aina nyingine ya mwamba, si kimbalaiti. (Nimewaona hata wasomi wakinaswa hapo, nami nikawasahihisha bila haya.) Kimberley ya Kanada, iliyoitwa hivyo kwa kufuata mji wa Afrika Kusini, ilijulikana kwa madini ya risasi na zinki.

Basi tajeni nchi kila mnapotaja jina, na mwamba uiteni mwamba. Hata mnapoandika kuhusu Mchakato wa Kimberley, mpango wa vyeti vya almasi ulioanza kutumika mwaka 2003, elezeni kwamba jina lake linatokana na mkutano wa mwaka 2000 katika mji wa Afrika Kusini, na maneno “Afrika Kusini” yabaki hata kama mhariri atadai kwamba msomaji anajua.