Mwaniuliza Kama Ulaya Hakuna Mungu

Bwana asifiwe, akina mama wa Kisauni, Mombasa.

Juzi baada ya ibada Mama Mwenyekiti aliniuliza kwenye simu, nyote mkisikia: "Mwanetu, twasikia huko Ujerumani makanisa yamegeuzwa mikahawa. Binti zetu wawili wamemaliza kusoma Kijerumani, wangoja viza. Tuwaache waje, au watamwacha Mungu huko?" Nilijibu mbiombio kwamba hakuna shida, maana nilikuwa naingia zamu. Jibu lile halikutosha.

Nilifika Januari 2022. Siku ya kuandikisha makazi karani aliniuliza dini, nikasema Mprotestanti, tena kwa sauti. Mshahara wa kwanza ulipoingia, nikaona kwenye karatasi yake mstari nisioujua. Ni kodi ya kanisa. Aliyeandikishwa katika haya makanisa makubwa, la Kikatoliki au la Kiprotestanti, hukatwa na serikali. Katika jimbo hili la Baden-Württemberg ni asilimia 8, si ya mshahara bali ya ile kodi ya mapato. Usipotaka kulipa, waenda ofisi ya serikali, watia sahihi kwamba umetoka kanisani. Basi.

Wazo hilo nililala nalo miezi mitatu. Karo ya mdogo wangu ilikuwa imefika, na kule Kisauni hakuna ambaye angejua. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu bahasha ina jina, harambee yatangazwa, na M-Pesa ikiingia kwa mweka hazina nasomwa mbele ya watu. Miaka yote ile nilikuwa natoa nikiangaliwa. Huku haniangalii mtu, na nikagundua sikuwa najua kama ningetoa. Sikwenda kutia sahihi, lakini mara mbili nilifika mpaka mlangoni pa ofisi.

Kanisa la mtaani kwangu laweza kuketisha watu mia tatu. Jumapili yangu ya kwanza tulikuwa kumi na wanne, mchungaji na mpiga kinanda wakiwemo. Niliwahesabu kwenye ubeti wa pili, kwa sababu nilijisikia naimba peke yangu. Ibada ikaisha, kila mtu akavaa koti lake akaenda zake. Ilipofika Jumapili ya nne, bibi mmoja wa safu ya mbele akageuka akaniuliza jina langu. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Na nchi hii ndiyo ya mmisionari Ludwig Krapf! Yule aliyefika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akazika mke na mtoto mchanga upande wa Nyali. Alizaliwa Derendingen, ambayo siku hizi ni mtaa wa mji wa Tübingen, na kutoka kwangu ni safari ya treni tu. Nilikwenda siku ya kazi, nikakuta mlango wa kanisa umefungwa. Nikasimama pale nje nikaimba ubeti mmoja kwa Kiswahili.

Lakini msiseme watu hawa hawana kitu. Jumapili maduka yafungwa kwa sheria, hata kwa wasiokanyaga kanisani. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wenzangu wasiosali humwosha mzee aliyejichafua saa tisa usiku, taratibu, wakimweleza kila wanalomfanyia ili asiaibike. Mimi nilijifunza kwao.

Kuhusu simu niwaambie ukweli. Ibada yenu ya saa tatu mnayonirushia kwa simu, msimu wa baridi kwangu ni saa moja asubuhi, nami nimetoka zamu ya usiku. Mwaliona jina langu kwenye skrini mwafurahi kwamba mwanetu yupo. Mara nyingi nimelala, simu iko juu ya mto. Na huku hata mashine imewahi kuhubiri. Juni 2023, kwenye kongamano la Waprotestanti mjini Fürth, watu zaidi ya 300 walikaa kanisani wakasikiliza ibada iliyotungwa karibu yote na programu ya ChatGPT, ikisomwa na sura za bandia kwenye skrini. Wenzangu kazini wakaniuliza naonaje. Niliwaambia mashine ile haijawahi kulala matangani.

Lakini miezi miwili kabla ya hapo, mmoja wao alikuwa ameninyoshea simu yake: msitu, watu wenye barakoa, mashimo. "Hii si pwani kwenu?" Ni pwani kwetu. Ni msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu, watoto wakiwemo. Na mahubiri yale yalikuwa yakiwafikia watu kwa televisheni na YouTube. Mwenzangu aliniuliza: hakukuwa na mtu wa kumwuliza mhubiri swali? Nilikosa jibu. Kwetu kumhoji mtumishi wa Mungu ni kukosa adabu, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Huku nimemwona mzee akisimama kwenye mkutano wa kanisa, akamwuliza mchungaji fedha za paa zimekwenda wapi, na mchungaji akafungua daftari akamjibu. Mama zangu, hilo nawaomba tuliige.

Siasa sitazirefusha. Olaf Scholz alipoapishwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani, Desemba 2021 hakumtaja Mungu kwenye kiapo, katiba yao inaruhusu. Viongozi wetu huinua Biblia, kisha Jumapili waja na bahasha na maikrofoni. Askofu Mkuu Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana Kenya alipowazuia wanasiasa kuhutubia kanisani mwaka huo huo, nilinung'unika kwa sababu twangoja mabati yao. Leo namshukuru.

Binti zetu waje. Wakiulizwa dini waseme kweli, wakijua kodi ipo. Wasingoje kuulizwa jina, watangulie wao kulitaja. Makoti watayapata hapa kwa bei nafuu, wasijaze sanduku. Wasichoweza kukipata ni kitabu cha nyimbo cha Kiswahili. Changu kurasa zimeachana. Wabebe viwili. Kimoja ni cha yule bibi wa safu ya mbele, maana siku hizi twakaa pamoja, na ataka kufuata maneno ninapoimba.