Kikombe Kimetengwa, Dirisha Limefungwa: Majibu kwa Wanaoishi na Wagonjwa wa Kifua

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaolala, kufanya kazi au kusoma pamoja na mgonjwa. Yamefupishwa, ila hoja zake zimebaki kama zilivyoletwa.

Mume wangu amegundulika kuwa na kifua kikuu cha mapafu. Nimemtengea sahani na kikombe, na kila jioni navichemsha. Usiku tunafunga madirisha ili asipigwe na baridi. Je, mimi na watoto tuko salama?

Kuchemsha vyombo si vibaya, lakini kifua kikuu hakipiti huko. Bakteria wake, ambao daktari Mjerumani Robert Koch aliutangazia ulimwengu mwaka 1882, husafiri ndani ya chembechembe ndogo mno ambazo mgonjwa huzitoa anapokohoa, anapoimba na hata anapozungumza. Tone kubwa huanguka sakafuni upesi. Chembe ndogo hukauka na kubaki ikielea kwa saa kadhaa, mithili ya lile vumbi linalocheza katika mwale wa jua uingiao dirishani, isipokuwa hii huwezi kuiona. Anayeivuta huifikisha kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu, na ni huko ambako maambukizi huanzia.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya kupendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja mjini Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake waliichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu wakaipitisha kwenye mabomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Wanyama hao hawakuguswa na mgonjwa wala hawakula mabaki yake; walivuta hewa yake tu, wakaambukizwa. Wenzao, ambao hewa yao ilipigwa kwanza na mwanga wa urujuanimno, ambao huua vijidudu, walisalimika.

Kwa hiyo kilichonishtua katika barua yako ni madirisha. Yafungueni, na mgonjwa ajifunike shuka la ziada. Ikiwezekana alale chumba chake hadi daktari aseme vinginevyo, afunike mdomo anapokohoa, na asiruke dozi hata siku moja, kwa sababu uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka mara aanzapo dawa zinazomfaa, ingawa kozi ya kawaida huchukua miezi 6. Ninyi nyote mwende mkapimwe, mkianza na watoto wa chini ya miaka 5 na yeyote anayeishi na VVU. Kikombe chake mrudishieni: mgonjwa aliyetengwa mezani hujifunza kuficha kikohozi chake, na kikohozi kinachofichwa ndicho kinachotuangamiza.

Mwenzangu ofisini ana UVIKO-19. Meza zetu zimeachana kama mita 3, na ninaambiwa mimi si mtu wa karibu. Ni kweli?

Wakati wa janga lile, Shirika la Afya Duniani liliwahesabu kuwa watu wa karibu wale waliokaa na mgonjwa ndani ya mita 1 kwa dakika 15 au zaidi. Kipimo hicho kiliwapa wanaofuatilia waliokutana na wagonjwa mahali pa kuanzia, lakini kirusi hakibebi rula. Mwezi Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya yaliyochukua saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili. Baadaye wengine 52 walithibitika au walidhaniwa kuwa wameugua, na wawili walifariki. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao walikuwa ndani ya mita 1 ya mtu mmoja. Walichoshiriki wote ni chumba, muda na pumzi za waimbaji.

Basi badala ya kupima sakafu, jiulize mlikaa saa ngapi, chumba ni kikubwa kiasi gani, hewa ilikuwa ikibadilika au la, na kama mlikuwa mkizungumza kwa sauti. Ikiwa mlishinda siku nzima katika chumba kilichofungwa, mimi ningejihesabu kuwa mtu wa karibu, mita 3 au zisiwe 3.

Nilipimwa siku 2 tu baada ya kukutana na mgonjwa, nikakutwa sina kitu. Kwa nini niambiwe nirudi?

Kwa sababu kila ugonjwa una saa yake. Homa ya mafua hujitokeza kati ya siku 1 na 4, surua kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na kipimo cha ngozi au damu cha maambukizi ya kifua kikuu huweza kuchukua hadi wiki 8 kabla ya kuonyesha lolote. Jibu la mapema mno linaeleza ulivyokuwa kabla ya kukutana na mgonjwa. Saa hiyo hurudi nyuma pia: mwenye mafua huweza kuambukiza siku moja kabla ya dalili, na mwenye surua siku 4 kabla ya vipele, ndiyo maana utaulizwa ulikuwa wapi wakati ambao kila mtu alionekana mzima.

Mtoto mwenye surua alitoka chumba cha kusubiria kabla yetu kuingia. Je, tunahesabiwa kuwa watu wa karibu?

Ndiyo. Kirusi cha surua hudumu hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wa karibu wasio na kinga, 9 huambukizwa. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 huweza kuzuia ugonjwa. Mjamzito na mtoto mchanga wana utaratibu wao, kwa hiyo ulizeni leo leo.

Nimeambiwa nimeambukizwa, lakini siumwi. Kwa nini nipewe dawa za kifua kikuu?

Kubeba bakteria waliolala si sawa na kuugua. Kati ya watu walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 huugua katika maisha yao, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo, yaani kipindi ulichomo sasa. Tiba kinga, yaani dawa za kuzuia ugonjwa usianze, huwapiga bakteria hao wangali wachache: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Lakini hakikisha umechunguzwa kwanza, kwani dawa hizo akipewa mtu ambaye tayari anaumwa huweza kuwafanya bakteria wawe sugu kwa dawa.

Mwanangu wa miaka 3 ana kifua kikuu, na shule ya chekechea inaogopa kwamba atawaambukiza wenzake.

Ni nadra. Mtoto wa umri huo huwa na bakteria wachache, na kikohozi chake hakina nguvu ya kuwarusha hewani. Swali linalopaswa kuulizwa ni kinyume chake: nani alimwambukiza? Karibu kila mara ni mtu mzima anayeishi naye au anayemlea, pengine yule ambaye amekuwa akikohoa kwa wiki mbili au zaidi na kusema ni vumbi tu. Mtafuteni kabla ya kubishana na mwalimu, maana huenda hadi leo analala chumba kimoja na mdogo wake mtoto huyo.